Mshona Glavu kwa Tahajia ya Kale

Hardrigg, Swaledale
Jumapili, 11 Februari 1968

Dada Winifred,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Sisi ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua inakuja kabla ya redio kusema. Theluji ilitufungia njia siku tisa, tukala viazi mpaka tukaanza kufanana navyo. Ruth wetu alijifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kike, mzito kama jibini zima. Wanamwita Isobel. Ana pua ya mama yetu, maskini, lakini macho ni mazuri.

Hannah anakusalimu. Ndiye anayeandika haya. Mimi nasema, yeye anaandika, na sasa hivi ameniamuru nikae chini niache kuzunguka jikoni kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Najua ni muda mrefu. Kadi za Krismasi huja na kwenda, lakini kadi si barua. Basi niseme lililonileta.

Mwezi wa Novemba ng'ombe wa jirani waliuangusha ukuta wa bibi mmoja aliyehamia nyumba ya juu kule, Bi. Garth. Alikuwa akifundisha chuo kikuu, amestaafu, anaishi na vitabu na jogoo mmoja asiye na kuku. Nikaenda kuujenga upya. Siku ya tatu mvua ikanifukuza, akaniita ndani kunywa chai. Mezani palikuwa na picha za kurasa za kitabu, tamthilia iliyopigwa chapa miaka zaidi ya mia tatu na hamsini iliyopita. Nikaivuta moja nikaanza kusoma, kujipotezea muda tu, kwa sauti, kama ninavyosoma siku zote. Nilipoinua macho, bibi wa watu ameshika buli hewani, chai haimiminiki.

Akaniuliza, "Umejifunza wapi kusoma hivi?"

Nikamwambia mimi sijui kusoma, mama, muulize mtu yeyote bonde zima.

Akasema wanafunzi wake walikuwa wakihangaika wiki tatu na ukurasa kama ule. Neno moja limeandikwa namna tatu katika mistari kumi. Herufi zimebadilishana viti. Winnie, mimi sikuona ugumu wowote. Unajua neno silishiki kwa sura yake. Nalisogeza mdomoni herufi kwa herufi mpaka nilisikie. Shuleni hilo lilinifanya niwe wa mwisho miaka yote. Lakini wale watu wa kale waliandika walichosikia, na kila mmoja alisikia kivyake.

Sasa Bi. Garth ameanzisha kikundi cha kuisoma, kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa. Ni vichekesho: mshona glavu anajifanya amekufa ili asikie watu watasema nini kwenye jeneza lake. Mimi ndiye mshona glavu. Tutaisoma mbele ya watu Jumamosi ya tarehe 22 Juni. Naambatanisha kurasa sita zenye maneno mawili nisiyoyajua maana, nimeyawekea alama. Wewe ndiye msomi wa familia. Unaonaje?

Ndugu yako,
Enoch
(na mkono wa Hannah, uliochoka)


Worthing
20 Februari 1968

Mdogo wangu Enoch,

Barua yako nimeipata, na nilishangaa kiasi cha kuisoma nimesimama mlangoni na upepo unaingia. Mimi sijambo. Nyonga imetulia. Paka wangu amezeeka anataka samaki achambuliwe miiba. Kwaya imenipa kazi ya kusimamia vitabu, kwa sababu, nadhani, hawataki niimbe. Hongera kwa Ruth. Je, huyo Isobel wamemwandika kwa o au kwa a? Ni vyema jambo hilo likaamuliwa mapema kabla makosa hayajazoeleka. Msalimie wifi yangu, mwandiko wake ni mzuri sana.

Sasa kuhusu hizo kurasa. Neno la kwanza ni aina ya ngozi ya mbuzi. La pili ni tusi, nami sitalieleza.

Enoch, nakusemesha kama dada. Huo uandishi si fumbo wala hekima. Ni wapiga chapa waliokuwa na haraka, wakati ambapo lugha haikuwa na utaratibu. Nimefundisha tahajia miaka thelathini na sita. Nimeona watu wazima wakichekwa kwa herufi moja. Sitaki usimame mbele ya bonde zima na karatasi kama hizo mkononi, watu waseme tulijua tu.

Kwa hiyo nimekaa jioni tatu nikaziandika upya kurasa zote sita kwa tahajia sahihi, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Utaona ni nyepesi zaidi. Ukiniletea zilizobaki nitazimaliza kabla ya Pasaka. Mpe na Bi. Garth nakala, nina hakika atashukuru.

Dada yako akupendaye,
Winifred


Hardrigg
17 Machi 1968

Dada Winifred,

Habari za Worthing? Huku kondoo wa kwanza wamezaa mapema, mapacha wawili, na mmoja tumemlaza jikoni ndani ya sanduku karibu na jiko. Isobel ni kwa o. Ruth amesema asante kwa kuuliza, na nilivyomsikia akisema hivyo sidhani ni asante kamili. Hannah bado ndiye mwandishi.

Asante kwa kazi yako. Jioni tatu si mchezo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niijaribu mbele ya wenzangu, nikuletee habari za kweli.

Alhamisi iliyopita nikasimama na karatasi zako. Nikaanza. Dada, nilikwama mstari wa pili. Nikakwama wa nne. Kufika wa saba nilikuwa natokwa jasho kama niko darasani kwa mwalimu Horrocks. Maneno yako yote yamenyooka, yamekaa kimya, hayaniambii yanasikikaje. Bwana Alderson wa posta, anayesoma nafasi ya mwanangu, akaniuliza kama naumwa. Na huyo Alderson mwenyewe ndiye kichekesho chetu, maana zile s ndefu za kale, zinazofanana na f, anazisoma f. Anaingia kwenye msiba kwa uso wa huzuni na kusema, "Fote tunafikitika." Hatujaweza kumtibu.

Bi. Garth akanirudishia kurasa za kale. Nikasoma mpaka mwisho bila kusita.

Kuna jingine. Ukurasa wa nne, nimelala ndani ya jeneza, mlango unafunguliwa, mwanangu anaingia ameshika taa. Nasema kwa sauti ya chini kwamba fulani amekuja. Katika kitabu, neno la jua na neno la mwana wa kiume wameyaandika sawasawa, sonne, herufi kwa herufi. Kwa hiyo mshona glavu anasema vyote viwili kwa pamoja: jua limekuja, mwanangu amekuja. Wewe umeandika jua. Sikulaumu, ukisahihisha ni lazima uchague moja. Lakini yeye hakuchagua.

Kwa hiyo nitasoma ya kale. Usikasirike.

Enoch


Worthing
26 Machi 1968

Enoch,

Nafurahi kwamba kondoo wanaendelea vizuri. Hapa kumepoa tena. Paka hajambo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kuhusu jua na mwana, nakubali, hapo kuna jambo. Moja.

Mengine siyakubali. Unaandika kana kwamba usahihi ni adui. Watoto elfu moja na zaidi wamepita mikononi mwangu, na wengi wana kazi nzuri leo kwa sababu mtu alijali walivyoandika. Nilijali wewe pia. Ukiwa na miaka saba nilikukalisha kwenye ngazi na kibao cha kuandikia kila Jumamosi, na mvulana mwingine angeshukuru.

Na kwa kuwa tumeanza kusema, nami niulize. Miaka tisa imepita, sijapata mstari mmoja kutoka mkononi mwako. Hata sasa napokea mwandiko wa wifi. Nilikuwa dada wa namna gani kwako hata nistahili hivyo? Kwa nini hukuniandikia?

Winifred


Hardrigg
7 Aprili

Winnie

Hii naandika mwenyewe. Hannah yuko kwa Ruth. Nimetumia karatasi tano kufikia hii, usihesabu makosa, au hesabu.

Umeuliza kwa nini. Mama alipokufa wewe ulikuwa na mitihani ya shule na njia zilifungwa hukuweza kufika. Nilikuandikia kurasa nne. Kila alichosema siku zile za mwisho. Alivyokuulizia. Sijawahi kuandika kurasa nne maishani mwangu, wala sikuandika tena.

Ilirudi baada ya wiki. Wino mwekundu kila mstari. Hapakuwa na kingine ndani ya bahasha.

Sikuwa na hasira sana. Niliona tu nisikusumbue tena.

Kondoo wa jikoni amekufa ila pacha wake anaruka ukuta tayari.

Enoch


Hardrigg
12 Mei 1968

Dada Winifred,

Wiki tano bila neno. Hannah amerudi kwenye kalamu, maana anasema ile niliyotuma peke yangu sikupaswa kuituma bila yeye kuiona. Hajui nilichoandika na sitamwambia.

Sisi ni wazima. Mazoezi yanaendelea. Alderson sasa anasoma s vizuri, lakini ameanza kusoma f kama s, kwa hiyo hatujapiga hatua. Jogoo wa Bi. Garth aliingia ukumbini akawika katikati ya maziko yangu, na wote wakakubaliana alipaswa kuwa kwenye kitabu tangu mwanzo.

Kama unaumwa, niambie. Kama umekasirika, niambie hilo pia.

Enoch


Worthing
2 Juni 1968

Mdogo wangu,

Siumwi. Mungu amenijalia afya, na Hannah amjalie vivyo hivyo, na Isobel, kwa o.

Nimeianza barua hii mara nyingi kuliko karatasi zako tano. Niseme tu kama ilivyokuwa.

Barua yako ya mama ilinikuta kwenye chumba cha walimu, saa ya chai. Walimu wote walikuwepo. Nikaifungua nikidhani ni habari ya kawaida. Nilipofika pale alipouliza kama Winnie amepata kitanda kikavu huko pwani, niliona sitaweza kumaliza bila kulia mbele yao. Mkononi nilikuwa na kalamu nyekundu, nilikuwa nasahihisha. Nikaanza kusahihisha. Ndivyo nilivyofika mwisho wa ukurasa wa nne, kosa kwa kosa, bila chozi. Kisha kengele ikalia. Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika anwani, nikaiweka pamoja na barua za shule, kama ambavyo nimerudisha kazi za watoto maisha yangu yote. Usiku nilipokumbuka nilichofanya, posta ilikuwa imeshapita.

Ningeweza kukuandikia kesho yake. Ningeweza kukuandikia siku yoyote katika miaka tisa. Nilingoja uniandikie wewe kwanza uniulize, nami nikajifanya sijui. Hata Machi hii nilikuuliza kwa nini, nikijua.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilipofika chuo cha ualimu nikiwa na miaka kumi na minane, siku ya kwanza nilisimama kusoma, nikasoma kama tunavyozungumza nyumbani. Mkufunzi aliniacha nimalize, kisha akaliambia darasa, "Sasa ni nani atakayetutafsiria?" Walicheka mpaka nikakaa. Kufika Krismasi nilikuwa nazungumza kama unavyonisikia. Niliapa hakuna atakayekucheka wewe. Na aliyekucheka kwa miaka yote hiyo nadhani nilikuwa mimi.

Samahani, Enoch. Ile barua ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupokea.

Je, bado kuna kiti tarehe 22?

Dada yako,
Winifred


Hardrigg
6 Juni

Winnie

Kiti kipo. Kitanda pia, kikavu.

Shuka Darlington kwa treni ya saa saba mchana Ijumaa. Alderson atakuja na gari la posta, hairuhusiwi ila kashasema anakuja. Usimwambie kitu kuhusu f.

Nimeandika mwenyewe na Hannah yupo hapahapa.

Enoch


Worthing
1 Julai 1968

Enoch na Hannah wapendwa,

Nimefika salama. Treni ilichelewa, keki ya Hannah haikuchelewa, niliimaliza kabla ya York. Paka amenisusia, jirani alimpa samaki mwenye miiba. Mbusuni Isobel kwenye ile pua. Nimewatumia mfuko wa zabibu kavu, najua duka lenu halina nzuri.

Enoch, nakuandikia ya Jumamosi ile kwa sababu wewe hukuyaona. Ulikuwa umelala juu ya meza mbili zilizosogezwa pamoja, umefunikwa kitambaa cha mezani cha Hannah, macho yamefumbwa kama marehemu anavyopaswa. Uliyasikia tu. Basi nikusimulie.

Unakumbuka Ijumaa ile Bi. Peacock, aliyekuwa asome nafasi ya mjane wako, alivyofika bila sauti hata ya kuitikia salamu, na Bi. Garth akageuka akanitazama mimi. Nilikataa mara mbili. Nilisema sijafanya mazoezi. Hannah ndiye aliyenimaliza, aliponiambia jikoni, taratibu, huku akikausha sahani, "Wifi, mistari ya mjane ni kumi na minane tu. Enoch ana mia nne."

Nilikesha na kurasa zile, za kale. Niwaambie ukweli, zilinitesa. Nilizisoma kwa macho na macho yalikuwa yanasahihisha yenyewe, kama miguu inayorudi nyumbani bila kuambiwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wale bibi wanne wa kanisa, wakubwa kuliko mimi, na vikapu magotini. Ulisoma sehemu yako ya kwanza, na ninataka ujue nilikuwa nimesimama pembeni kwenye pazia nikiwaangalia watu, si wewe. Hakuna aliyekuwa akisubiri ukosee. Mchunga kondoo wa Low Row alikuwa amefungua mdomo kama mtoto. Ukalala ukafa, na uliposema lile neno la jua na mwana, bibi mmoja aliweka mkono kifuani. Nilifikiri juu ya ile ngazi na kibao, nikaona aibu, kisha nikasahau aibu kwa sababu nilitaka kusikia kitakachofuata.

Ndipo ukafumba macho tena, nikaingia mimi.

Mistari kumi na sita ilienda. Nilisoma kwa sauti yangu, ile ya darasani, kila neno na pindo lake. Watu walinisikiliza kwa adabu. Mistari miwili ya mwisho ndiyo utani wenyewe: mjane anasema mumewe alipokuwa hai hakukosa divai, na sasa amebaki na nini ila maji, na hilo ndilo jambo. Nikaisoma. Maji, jambo: water, matter. Haikuwa na vina. Kwa sauti yangu maneno hayo mawili hayakutani hata kidogo. Mtu alikohoa. Wale bibi wanne walinitazama kama mtu anayesubiri chai iliyoahidiwa.

Na kitambaa cha meza kikaanza kutikisika. Wewe marehemu ulikuwa unacheka.

Nikaangalia karatasi. Katika neno la maji, kitabu kina t mbili: watter. Mwezi wa Februari mimi mwenyewe niliifuta moja. Nikaiangalia ile t ya pili, nikaona si kosa la mpiga chapa. Ni mtu aliyekuwa akiandika neno kama alivyolisikia mdomoni mwa mama yake. Mdomoni mwa mama yetu. Alipokuwa akituita tukachote, ndivyo alivyolisema, fupi, lenye kukata, na likikutana na lile neno la jambo yanagongana kama ndoo mbili.

Nikairudia mistari ile. Sikuipanga. Mdomo wangu ulikwenda wenyewe mahali ambapo haukuwa umekwenda kwa miaka zaidi ya arobaini, na sauti iliyotoka ilikuwa ya jikoni kwetu.

Hukuona nyuso zao, ndugu yangu. Wale bibi wanne walianza kucheka kabla sijamaliza neno la mwisho, na yule wa mwisho alipiga kikapu chake kwa kofi, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, "Si nilikwambia huyu ni binti wa kwa Sunter?" Nilisimama pale nikichekwa na bonde zima, nami nikawa nacheka pamoja nao, machozi yananitoka, sikuwa na kalamu mkononi wala sikuitaka. Ulinong'ona kitu chini ya kitambaa. Nilikusikia. Ulisema, "Ndiyo hiyo sasa."

Hayo ndiyo usiyoyaona.

Juzi asubuhi nilikwenda kwa mwoka mikate, hapa pembeni, ninakonunua tangu nihamie. Nikaomba mkate mdogo na mandazi mawili ya zabibu. Kijana akanitazama, akasema, "Samahani, Bi. Sunter, sijaelewa."

Nikarudia, vilevile, kwa sauti ileile ya jikoni kwetu.

Dada yako,
Winnie